Vigae vya lami: Ubora wa paa umo katika yasiyoonekana

MVUA ya kwanza ya msimu ndiyo mkaguzi wa kweli wa kazi ya fundi wa paa. Wakati wa kiangazi, mwenye nyumba aweza kulisifu paa lake kwa sababu ya rangi yake na unyoofu wa safu zake. Masika yanapoanza mwezi Machi, ndipo hubainika iwapo fedha zake zilitumika vyema au zilikwenda na maji.

Ukweli huu unahusu kila aina ya paa, yawe mabati, makuti au vigae vya udongo. Hata hivyo, unahusu zaidi paa la vigae vya lami, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake hufunikwa siku ile ile inapofanywa. Bati lililopigiliwa vibaya huonekana kwa macho. Msumari wa kigae cha lami ukishapigwa mahali pasipofaa, kigae kinachofuata huuficha, na kosa hilo hulala kimya hadi upepo au mvua ilifichue.

Vigae hivi ndivyo vinavyoezeka nyumba nyingi zaidi za makazi nchini Marekani na Kanada. Katika miaka ya karibuni vimeingia pia katika soko la Kenya na kuonekana kwenye baadhi ya nyumba za Nairobi na viunga vyake. Kwa hivyo ni muhimu mwenye nyumba aelewe jinsi vinavyowekwa, hata kama hatashika nyundo yeye mwenyewe.

Asili yake

Marekani ilianza kutumia lami kwenye mapaa mwishoni mwa karne ya 19, wakati huo ikiwa katika umbo la mikeka mirefu iliyokunjwa. Mnamo 1903, mkandarasi wa mapaa Henry M. Reynolds, wa mji wa Grand Rapids katika jimbo la Michigan, alianza kuikata mikeka hiyo kuwa vipande vidogo vya kupangwa kama vigae vya mbao. Vipande hivyo vilikuwa rahisi kubeba na kuweka, na havikushika moto upesi kama mbao.

Mwanzoni kiini cha kigae kilikuwa kitambaa kizito kilichotengenezwa kwa matambara. Siku hizi kiini ni mkeka wa nyuzi za kioo uliopakwa lami pande zote mbili. Upande wa juu hunyunyiziwa chembe za mawe zilizotiwa rangi. Chembe hizo si pambo tu. Kazi yake kubwa ni kuikinga lami dhidi ya miale ya jua, ambayo huikausha na kuipasua.

Kila kigae huwa na ukanda wa gundi ya lami. Jua likikipasha moto, gundi hiyo hulainika na kushikamana na kigae kilicho juu au chini yake. Gundi hii huzuia upepo usikiinue kigae. Si yo inayozuia maji, na hapa ndipo wengi hukosea.

Siri ya kulaliana

Paa la vigae vya lami huzuia maji kwa mpangilio. Kila kipande cha juu hukilalia cha chini yake, kiasi kwamba tone la maji linapoteremka hukuta daima kipande kingine kikilipokea, kuanzia mgongo wa paa hadi ukingoni.

Wakazi wa pwani wanaijua kanuni hii tangu kale. Mwezekaji wa makuti huanza chini na kupanda juu, kuti la pili likilifunika la kwanza. Hakuna gundi wala msumari unaolizuia tone lisipite. Akigeuza mpangilio huo mahali pamoja tu, mwenye nyumba ataweka sufuria sakafuni mvua inaponyesha.

Yeyote anayeielewa kanuni hiyo anaweza kulikagua paa lolote kwa kujiuliza swali moja katika kila hatua: maji yakifika hapa, yatapita juu ya kipande kinachofuata au yataingia chini yake?

Mwinamo na uzito

Kwa kuwa paa hili hutegemea maji kuteremka, haliwezi kuwekwa mahali palipo tambarare. Kanuni za ujenzi za Marekani huruhusu vigae vya lami kwenye mwinamo usiopungua 2 kwa 12, yaani paa lipande kwa sentimita 20 katika kila mita 1.2 za mlalo. Mwinamo ukiwa kati ya 2 na 4 kwa 12, karatasi ya chini ya vigae sharti iwekwe maradufu. Chini ya hapo, mwenye nyumba atafute njia nyingine ya kuezeka.

Jambo la pili ni uzito. Mita mraba moja ya vigae vya lami huwa na uzito wa kilo 10 hadi 15 kwa kawaida, na nyingine huzidi hapo. Bati la geji 30 halifikii kilo 3 kwa eneo hilo, ilhali vigae vya udongo huweza kupita kilo 40. Mwenye nyumba ya mabati anayetaka kubadilisha paa lake asidhani kwamba kenchi zilizobeba mabati zitatosha. Paa la mita mraba 100 huongezewa zaidi ya tani moja ya vigae, kabla ya kuhesabu mbao za kuvilalia. Mhandisi au fundi stadi wa mbao azikague kenchi kwanza.

Sakafu ya mbao

Mabati hupigiliwa kwenye mbao zilizoachana. Vigae vya lami havina uwezo huo kwa sababu ni laini na hujikunja. Huhitaji kulazwa juu ya sakafu kamili ya mbao, ambayo aghalabu ni plaiwudi ya ujenzi yenye unene wa milimita 12 hivi iwapo kenchi zimeachana kwa sentimita 60.

Kati ya ubao mmoja na mwingine huachwa mwanya wa milimita 3, kwa kuwa mbao hufura zikipata unyevu. Zikibanana, huinuka kwenye maungio na kuonyesha makunyanzi juu ya paa zima. Plaiwudi nyembamba ya kutengenezea samani haifai hapa, kwa sababu gundi yake huachia inapolowa.

Hatua hii ndiyo ya kwanza inayostahili kukaguliwa. Mwenye nyumba atazame kama kila ubao umefika katikati ya kenchi, na kama misumari imeingia ndani ya kenchi badala ya kupita kando yake na kuchungulia ndani ya dari.

Karatasi na bati la ukingo

Juu ya mbao hutandazwa karatasi nzito iliyolowekwa lami, au kitambaa cha plastiki kilichoundwa kwa kazi hiyo. Hii ni kinga ya pili iwapo maji yatapenya vigae. Hutandazwa kwa mlalo kuanzia ukingo wa chini, kila mstari ukiulalia ule wa chini kwa sentimita 5 au zaidi. Kwenye mwinamo mdogo unaohitaji karatasi maradufu, karatasi yenye upana wa sentimita 91 huilalia ya chini yake kwa sentimita 48.

Kingo za paa huvishwa kipande cha bati kilichokunjwa, kinachoyaelekeza maji yadondokee kwenye mfereji badala ya kurudi nyuma na kuozesha mbao. Mpangilio wake una hekima. Kwenye ukingo wa chini, bati hutangulia na karatasi hulifuata juu yake, ili maji yaliyo juu ya karatasi yatokee juu ya bati. Kwenye kingo za pembeni, karatasi hutangulia na bati huja juu yake, ili mvua inayosukumwa na upepo isiingie chini ya karatasi. Fundi akitumia mpangilio mmoja kote, amekosea upande mmojawapo.

Kupanga safu

Vigae vyenyewe huanza na safu ambayo haitaonekana kamwe. Hii ni safu ya kuanzia, inayolazwa kwenye ukingo wa chini huku gundi yake ikiwa karibu na ukingo. Kazi yake ni kuziba nafasi zilizo kati ya vigae vya safu ya kwanza na kuvishikilia visiinuliwe na upepo. Fundi anayetaka kuokoa vigae vichache huiruka safu hii, na hakuna anayeweza kugundua akiwa amesimama uani.

Vigae hutokeza mbele ya bati la ukingo kwa milimita 6 hadi 19. Vikipungua hapo, maji hujirudi chini yake. Vikizidi, ncha zake hulegea na kuvunjika.

Kuanzia hapo, kila safu huilalia ya chini yake na kuacha wazi sehemu ndogo tu. Kwa kigae cha kawaida chenye urefu wa milimita 914 na upana wa milimita 305, sehemu inayoachwa wazi ni milimita 127. Maana yake ni kwamba karibu kila sehemu ya paa huwa imefunikwa na zaidi ya tabaka moja. Fundi akiinyoosha sehemu hiyo hadi milimita 150 ili kupunguza idadi ya vigae, paa litapendeza vivyo hivyo kwa macho, lakini kinga yake itakuwa imepunguzwa. Mwenye nyumba aweza kulipima jambo hili kwa rula.

Maungio ya safu moja yasikutane na ya safu inayofuata. Husogezwa kando, kwa kawaida kwa sentimita 15, kama vile mwashi anavyopishanisha mawe ya ukuta. Ili safu zisipinde, fundi hupiga mistari kwa uzi uliopakwa chokaa ya rangi.

Msumari mahali pake

Kosa linaloyaangamiza mapaa haya zaidi huhusu kitu kidogo kabisa, nacho ni msumari. Misumari inayofaa ni ile iliyotiwa zinki isishike kutu, yenye kichwa kipana kisichopungua milimita 9.5. Hupenya ubao kwa milimita 19, au hutokea upande wa pili iwapo ubao ni mwembamba kuliko hivyo.

Kila kigae hupigwa misumari minne, na sita palipo na upepo mkali. Hupigwa kwenye mstari ulioonyeshwa na mtengenezaji. Ukipigwa juu ya mstari, kigae hushikwa karibu na kichwa chake tu, hivyo huweza kuraruka au kuteleza. Ukipigwa chini sana, kichwa chake hubaki wazi na kuwa njia ya maji. Kichwa sharti kilale sawa na kigae. Kikizama, hukata mkeka wa ndani. Kikiinama, hutoboa kigae kilicho juu yake.

Mashine za kupigilia kwa nguvu ya hewa huharakisha kazi, lakini zikitiwa shinikizo kupita kiasi huzamisha kila msumari. Fundi makini huipima mashine yake upya jua linapokuwa kali, kwani vigae huwa vimelainika.

Somo la misumari liliandikwa kwa machozi huko Florida. Mnamo Agosti 24, 1992, Kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa jimbo hilo na kuharibu maelfu ya nyumba. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba baadhi ya nyumba zilipoteza hata mbao za chini ya vigae kwa kuwa hazikuwa zimefungwa ipasavyo. Mahali pengine pini za mashine zilizotumika zilizikosa kenchi kabisa. Jimbo hilo lilikaza kanuni zake, na kanuni moja ya ujenzi kwa jimbo zima ikaanza kutumika mwaka wa 2002.

Kenya haizoei vimbunga vya kiwango hicho, lakini habari za upepo kuezua mapaa ya shule na nyumba si ngeni. Aidha, kuna suala la baridi. Gundi ya vigae huhitaji joto la jua ili ishike. Paa lililowekwa Limuru au Nyandarua mwezi Julai, kukiwa na ukungu, huenda likakaa majuma kadhaa bila kushikana. Katika hali hiyo fundi hutia chini ya kila kigae matone ya lami ya kugandishia, kila tone likiwa na ukubwa wa sarafu.

Mahali paa linapovuja

Ni nadra kwa paa kuvuja katikati ya uwanda wake. Huvuja mahali linapokutana na kitu kingine: ukuta, dohani, bomba la hewa ya choo, au paa lingine.

Mapaa mawili yanapokutana kwa ndani, huunda bonde linalobeba maji ya pande zote mbili. Bonde hilo hutandazwa bati pana, au tabaka la ziada la karatasi inayojigandisha, kabla ya vigae. Mtindo mmoja huvipitisha vigae vya upande mmoja hadi ng'ambo ya pili kwa sentimita 30 au zaidi, kisha vya upande wa pili hukatwa sentimita 5 kabla ya kufika katikati. Msumari usipigwe ndani ya sentimita 15 kutoka katikati ya bonde.

Paa linapoegemea ukuta, hutumiwa vipande vidogo vya bati vilivyokunjwa, upande mmoja ukiwa ukutani na wa pili juu ya paa. Kila safu ya vigae huwekewa kipande chake, nacho hulalia kilicho chini yake mithili ya ngazi. Bati moja refu haliwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu maji yakishaingia chini yake hayana pa kutokea. Kupaka lami au silikoni kwenye pembe hiyo ni kuahirisha tatizo, maana vitu hivyo hupasuka kwa jua baada ya muda mfupi.

Mwishowe hufika mgongo wa paa. Huko vigae hukatwa vipande, vikakunjwa juu ya mgongo na kupangwa kuanzia upande usioelekea upepo wa kawaida wa mahali hapo.

Paa lipumue

Paa la lami hunyonya joto jingi. Joto hilo likikosa njia ya kutoka darini, hupika vigae kutoka chini na kufupisha maisha yake, na unyevu unaopanda kutoka jikoni na bafuni huozesha mbao. Kanuni za Marekani hutaka matundu ya hewa yenye eneo lisilopungua sehemu 1 kwa kila sehemu 150 za eneo la dari. Kiwango hicho huweza kushuka hadi 1 kwa 300 iwapo matundu yamegawanywa vyema kati ya kingo za chini na mgongoni. Hewa baridi huingia chini, ya moto hutokea juu.

Usalama wa mafundi

Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa ajali zinazoua zaidi katika kazi za ujenzi. Nchini Marekani, mwajiri katika kazi ya ujenzi hutakiwa kumpa fundi kinga dhidi ya kuanguka anapofanya kazi kwenye kimo cha mita 1.8 au zaidi. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humbebesha mwajiri jukumu la kuhakikisha usalama wa wafanyakazi wake.

Kwa hivyo gharama ya mikanda, kamba na jukwaa imara iingizwe katika makadirio tangu mwanzo. Fundi asipande paa lenye umande au mvua, kwa kuwa chembe zilizodondoka kwenye vigae humtelezesha kama mchanga juu ya sakafu. Vifurushi vya vigae navyo visirundikwe mahali pamoja, visije vikailemea kenchi moja.

Maji ya matumizi na utunzaji

Familia nyingi nchini huvuna maji ya mvua kutoka paani. Mwenye mpango huo atafakari kabla ya kuchagua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas uliochapishwa mwaka wa 2011 ulilinganisha maji yaliyovunwa kutoka mapaa ya aina mbalimbali. Ulibaini kuwa maji yaliyotoka kwenye vigae vya lami yalikuwa na kaboni nyingi zaidi ya viumbe hai iliyoyeyuka kuliko yaliyotoka kwenye mabati. Watafiti hao walisema pia kwamba maji ya paa lolote huhitaji kusafishwa kabla ya kunywewa. Kwa anayetegemea tangi la mvua kwa maji ya kunywa, mabati yangali chaguo bora.

Paa lililowekwa vyema huweza kudumu miaka 15 hadi 30, kutegemea ubora wa vigae na ukali wa jua. Dalili za uzee ni chembe nyingi za mawe kwenye mfereji, ncha zinazojikunja na vigae vinavyopasuka. Michirizi myeusi inayotokea sehemu zenye unyevu husababishwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Isisuguliwe kwa brashi ngumu wala kuoshwa kwa maji ya shinikizo kubwa, kwani chembe za kinga zitaondoka pamoja na uchafu.

Nyakati nne za kukagua

Mwenye nyumba hana haja ya kukaa paani siku nzima. Akubaliane na mkandarasi, kwa maandishi, kwamba kazi itasimama mara nne ili ikaguliwe: mbao zikishapigiliwa, karatasi na mabati ya ukingo yakishawekwa, safu ya kuanzia na safu mbili za kwanza zikishapangwa, na mabati ya mabonde na kuta yakishafungwa kabla ya kufunikwa. Picha za simu zipigwe katika kila hatua na kuhifadhiwa pamoja na risiti.

Aidha, ahakikishe mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyobuniwa chini ya sheria ya mwaka wa 2011, na aombe kusoma maagizo ya mtengenezaji yaliyo kwenye vifurushi. Dhamana ya vigae huweza kubatilika iwapo maagizo hayo yamekiukwa, na hapo hasara yote humwangukia mwenye nyumba.

Malipo ya mwisho nayo yafuate ukaguzi wa nne, si siku ambayo fundi anateremsha ngazi. Paa likishafunikwa, anayejua kilichofichwa chini yake ni fundi peke yake, na mvua.